Kona Ambayo Fundi Hakuonyeshwa

Kazi ya Najah Jumamosi asubuhi ilikuwa kusafisha friza kabla maziwa hayajafika. Mama yake, Nafiso, aliuza maziwa ya ngamia katika duka dogo lililokuwa mbele ya nyumba yao mjini Kitengela, karibu na barabara ya kwenda Namanga. Maziwa yalitoka upande wa Bisil, ambako mjomba wake Najah, Yarow, alikuwa akichunga ngamia. Yalikuja kwa gari yakiwa kwenye mitungi, mama akayachuja na kuyachemsha, na yakishapoa akayatia kwenye chupa na kuzipanga ndani ya friza. Ilipofika jioni wateja walikuwa wameanza kuja, mmoja mmoja, wakiwa na mifuko yao.

Friza hiyo waliletewa na fundi Mbuvi wakati alipokuwa bado na karakana hapo Kitengela. Siku aliyoileta, alimwita Najah, akamwonyesha namna ya kuitunza. Alimwambia kwamba barafu ikiwa nene azime umeme, aache kifuniko wazi, aweke beseni la maji ya moto ndani na kusubiri barafu iachie yenyewe.

"Lakini usiiguse kwa kisu," alisema. "Hata kijiko usitumie. Huu ukuta wa ndani ni mwembamba kama karatasi, na nyuma yake kuna bomba la gesi."

Baadaye Mbuvi alihamia Namanga, mpakani, ambako mabucha na mahoteli yalikuwa na mafriji mengi ya kutengenezwa. Nafiso hakutafuta fundi mwingine. Kitu kikiharibika alimpigia Mbuvi simu ya video, naye Mbuvi akamwelekeza la kufanya. Mara moja ilikuwa plagi iliyolegea, mara nyingine ilikuwa mpira wa kifuniko uliojaa uchafu. Mambo hayo yalimalizika kwa simu, na Nafiso akawa anawaambia wenzake kwamba fundi mzuri hata akiwa mbali yuko karibu.

Jumamosi hiyo barafu ilikuwa nene kuliko kawaida. Mama alikuwa ameenda sokoni kununua chupa, na simu yake ameiacha kwenye chaji. Najah alizima umeme, akaweka beseni la maji ya moto, akasubiri. Barafu ilitoa machozi kidogo tu. Akabadilisha maji, akasubiri tena.

Hapo ndipo rafiki yake Wamaitha alipomwita kutoka langoni. Wote wawili walikuwa katika timu ya netiboli ya shule, iliyokuwa ikijiandaa kwa mashindano ya Kajiado.

"Najah, mwalimu ameshafika uwanjani. Amesema anayechelewa leo asahau Kajiado."

"Nakuja. Namalizia hapa."

"Basi harakisha. Mimi natangulia."

Najah aliitazama barafu. Katika kona ya nyuma, upande wa kushoto, ilikuwa imejikunja kama godoro. Alichukua kisu cha jikoni. Alijiambia kwamba ataanzia juu tu, mbali na ukuta. Kipande cha kwanza kilitoka vizuri, na cha pili pia. Aliona kazi inakwenda haraka, akaongeza nguvu.

Kisu kikateleza. Akasikia sauti kama ya tairi la baiskeli linalotoa upepo.

Alitupa kisu na kuweka kidole pale penye sauti. Aliona tundu dogo sana, dogo kuliko punje ya mchele. Upepo ulitoka kando ya kidole, kisha ukafifia, kisha ukaisha kabisa. Najah alikaa vile vile kwa muda, mkono ndani ya friza.

Alichukua simu ya mama, akatafuta kwenye mtandao. Hakukosa video. Palikuwa na mwanamume wa nchi fulani, hakusema ni wapi, aliyeziba tundu la friji kwa gundi na unga mweupe, akasugua kwa kidole na kucheka. Video ilikuwa fupi. Mwishoni yalitokea maneno ya kusema kwamba kuna sehemu ya pili, lakini Najah hakuwa na muda wa sehemu ya pili. Alichukua gundi ya kubandikia viatu kwenye droo, akaipaka. Ilipokauka, akabandika juu yake lebo nyeupe, zile wanazoandikia chupa za maziwa. Akawasha umeme. Mota ikalia kama siku zote.

"Imepona," alijiambia. Kisha akakimbia uwanjani.

Mchana maziwa yalifika, na siku hiyo yalikuwa mengi. Kulikuwa na harusi siku iliyofuata, na familia ya bwana harusi ilikuwa imeagiza maziwa ya wageni wote kutoka kwa Nafiso. Lilikuwa agizo kubwa kuliko yote aliyowahi kupata. Alichemsha, akapooza, akajaza chupa akiimba kwa sauti ya chini, na Najah akazipanga ndani ya friza. Hakuiangalia ile kona.

Jua lilipokuwa likishuka, Nafiso alifungua kifuniko ili atoe chupa ya mteja. Akaishika, akaigeuza mkononi.

"Najah, uliwasha friza?"

"Niliwasha, hooyo." Hivyo ndivyo alivyomwita mama yake, kwa Kisomali.

"Mbona chupa zina joto?"

Alimpigia Mbuvi papo hapo. Uso wa fundi ukatokea kwenye kioo cha simu, nyuma yake malori ya mpakani yakipiga honi.

"Mama Najah, habari ya Kitengela?"

"Ni nzuri, Mbuvi, lakini friza yako imenikataa. Na kesho niko na harusi."

"Usijali, tutaiangalia. Mpe Najah simu, yeye huishika bila kutikisa."

Najah alipokea simu. Ilikuwa imelowa kidogo kwa jasho la mkono wa mama.

"Najah, zunguka nyuma unionyeshe mota. Inalia?"

"Inalia."

"Sogeza simu karibu nisikie." Lori likapita barabarani, kisha lingine kule Namanga. "Sisikii vizuri. Iguse kwa juu. Ina joto?"

"Ina joto."

"Haya, rudi mbele. Fungua kifuniko unionyeshe kuta za ndani, zote. Pole pole."

Najah alianza upande wa kulia. Alipitisha simu taratibu kwenye ukuta wa kulia, taratibu kwenye ukuta wa mbele. Alipofika kona ya nyuma, mkono wake ukaenda kasi.

"Ngoja," alisema Mbuvi. "Hapo nimeona kitu cheupe."

"Ni lebo ya chupa. Ilibanduka ikanasa."

"Sawa. Kuna mtu ametumia kisu humo ndani? Au kitu chochote cha chuma?"

Kabla Najah hajajibu, Nafiso aliinama mbele ya simu. "Mbuvi, wewe mwenyewe ulimfundisha. Najah anajua. Na msichana wangu hanidanganyi."

"Najua, Mama Najah. Nauliza tu kwa sababu ndilo swali la kwanza. Najah?"

Kwenye kioo macho ya Mbuvi yalikuwa yakimtazama moja kwa moja. Pembeni mama yake alikuwa amesimama akiwa na chupa yenye joto.

"Hapana," alisema Najah. "Nilitumia maji ya moto."

Mbuvi alijikuna kidevu. Kisha alisema kwamba kama ukuta haujatobolewa, basi gesi ipo, na kama gesi ipo, huenda mota inalia bila nguvu. Kile kifaa kidogo kinachoiwasha ndicho alichokishuku. Alimwelekeza Nafiso duka la vipuri alilolifahamu pale mjini, akaongea kwa simu na kijana wa dukani, na kabla ya kiza kuingia kijana akaja na kifaa kipya. Alikifunga huku Mbuvi akimwelekeza kwa simu ya video. Najah ndiye aliyeishika simu.

Mota ikalia. Wote wakasubiri. Nafiso akaweka kiganja kwenye ukuta wa friza, akakiacha hapo.

"Itachukua muda kupoa," alisema Mbuvi. "Msiifungue fungue hadi asubuhi."

Hawakuifungua. Najah alikuwa anajua, hata kabla ya kulala, kwamba hakuna kitakachopoa. Alijiambia atasema asubuhi.

Asubuhi alimkuta mama ameshaifungua. Nafiso alionja chupa ya kwanza, akatema. Akafungua ya pili, akainusa tu. Aliendelea hivyo chupa baada ya chupa, mpaka za chini kabisa. Hayakuwa maziwa yaliyolazwa na kuchachushwa kwa ustadi, yale ambayo watu huyapenda. Yalikuwa yameharibika.

Alimpigia mama wa bwana harusi. Najah alisikia upande mmoja tu wa mazungumzo. "Samahani, dada yangu. Hapana, hata nusu hakuna. Siwezi kuwapa wageni wako kitu ambacho mimi mwenyewe siwezi kukinywa." Kisha akasikiliza. "Una haki ya kukasirika."

Walibeba chupa nyuma ya nyumba. Nafiso alimwaga, na Najah akampokea chupa tupu. Mama yake alikulia kwenye nchi kame, ambako maziwa hayamwagwi, na kila chupa aliyoiinamisha alisema "Astaghfirullah" kwa sauti ya chini. Najah aliangalia maziwa yakipita miguuni pake, yakichanganyika na vumbi. Alitamani mama apige kelele. Mama hakupiga kelele.

Walipomaliza, Nafiso alifuta mikono, akachukua simu. Alikuwa katika kikundi cha WhatsApp cha kina mama wenye biashara za chakula mjini: wenye mabucha, wenye mahoteli, wauza samaki. Akarekodi ujumbe wa sauti.

"Wenzangu, ni Mama Najah wa maziwa. Nawaomba msimwite tena yule fundi Mbuvi. Tangu aende Namanga anatengeneza kwa kubahatisha. Amenifanya ninunue kifaa ambacho hakikusaidia, na leo nimemwaga maziwa ya harusi. Yasije yakawapata na nyinyi."

Najah alisimama mlangoni akiwa na chupa mbili mikononi. Alifungua mdomo.

"Unataka kusema nini?" aliuliza mama.

"Hakuna, hooyo."

Jumatatu, uwanjani, alikosa kufunga mipira aliyozoea kuifunga hata akiwa amechoka. Wamaitha alimuuliza kama anaumwa. Alisema kichwa kinamuuma. Aliona jinsi uongo huo ulivyotoka kwa urahisi, akajichukia. Alikuwa amepata nafasi ya kwenda Kajiado, jina lake lilikuwa limesomwa mbele ya wote, na alipopigiwa makofi alitazama chini.

Jumanne aliporudi kutoka shule, alimkuta Mbuvi amekaa kwenye kigoda mbele ya duka.

Alikuwa amekuja kutoka Namanga na mzigo wote: begi la vyombo, mtungi wa gesi, pampu. Viatu vyake vilikuwa vyeupe kwa vumbi. Nafiso alikuwa amemwekea chai, kwa sababu mgeni ni mgeni, lakini alikuwa amesimama mbali naye akiwa amekunja mikono. Chai haikuwa imeguswa.

"Ungenipigia kwanza, Mama Najah," Mbuvi alikuwa akisema. Hakuwa na hasira. Hilo lilimuumiza Najah zaidi. "Ungeniambia kwamba haikupona."

"Nilikupigia mara ya kwanza, na unaona nilichopata."

"Naelewa. Lakini Nzisa wa bucha alikuwa ameniita nimtengenezee friji yake wiki hii. Jana amenipigia akaniambia nisije. Na mama wa hoteli kule juu naye vile vile. Wameniambia ni wewe umesema." Alivua kofia, akaipangusa vumbi. "Nimekuja kuangalia nilikosea wapi. Kama ni mimi niliyekosea, nitaomba msamaha kwako na kwao. Lakini nataka kwanza nijue."

Nafiso alionyesha friza kwa mkono.

Mbuvi alipiga magoti, akafungua kifuniko. Ndani ya duka palikuwa na giza kidogo. Alitoa tochi kwenye begi, akatazama nyuma.

"Habari ya shule, Najah? Njoo unishikie hii."

Najah aliweka begi lake la shule chini. Alipokea tochi. Mbuvi aliingiza kichwa ndani ya friza na kuanza kupapasa ukuta wa kulia kwa vidole, taratibu, kama mtu anayetafuta sindano kwenye mkeka. Alikuwa akinong'ona peke yake: hapa hakuna kitu, hapa sawa. Nyuma ya shati lake kulikuwa na doa la jasho. Mtu huyu alikuwa amesafiri kutoka mpakani kuja kutafuta kosa lake katika friza isiyokuwa na kosa lake.

Mwanga ulikuwa mkononi mwa Najah. Aliugeuza, akaumulika kwenye kona ya nyuma, upande wa kushoto, juu ya lebo nyeupe.

"Ni hapa, fundi," alisema. Sauti yake ilitoka nyembamba. "Ni mimi. Nilitumia kisu. Upepo ukatoka, nikaziba kwa gundi, nikaweka lebo. Uliponiuliza nikasema hapana."

Mbuvi alitoa kichwa pole pole. Hakumtazama Najah. Alimtazama Nafiso, kisha akatazama kofia yake sakafuni, kama mtu aliyeingia chumba ambacho hakupaswa kuingia.

Nafiso alitoka nje. Walimsikia akitembea mbele ya duka, kwenda na kurudi. Mteja mmoja alikuja na mfuko wake, akaambiwa kwamba leo hakuna maziwa. Nafiso aliporudi ndani, macho yake yalikuwa mekundu, lakini alizungumza kwa utulivu.

"Nilimwambia mtu mzima kwamba hunidanganyi. Nilikuweka mbele yangu kama ngao. Nimetupa maziwa, nimemwaibisha mwenzangu harusini, nimemharibia mtu jina lake. Na wewe ulikuwa umesimama pale mlangoni ukisikia."

Najah alitaka kulia, lakini akaona kwamba kulia mbele ya Mbuvi kungekuwa kama kumwomba amhurumie, na hakustahili. Alishika tochi kwa mikono miwili, ikiwa bado inamulika ile kona.

Nafiso alimgeukia fundi. "Mbuvi, nisamehe. Nilisema jambo ambalo sikulijua, na nikalisema mbele ya watu wengi."

"Nimesamehe, Mama Najah."

"Bado. Nitalirekebisha pale pale niliposemea." Alichukua simu, akarekodi maneno machache, akasema kwamba Mbuvi hakukosea, na kwamba anamwomba radhi mbele ya wote. Kisha akampa Najah simu. "Mimi nimesema langu. Sema lako."

"Niseme nini, hooyo?"

"Lilivyokuwa."

Mara ya kwanza Najah alirekodi, akafuta. Mara ya pili alisema kwamba friza ilitobolewa kwa bahati mbaya, akaisikiliza sauti yake mwenyewe, akafuta tena. Mara ya tatu alisema:

"Shikamooni. Mimi ni Najah, binti wa Mama Najah wa maziwa. Mimi ndiye niliyeitoboa friza kwa kisu. Nilikuwa na haraka ya kwenda kucheza. Fundi Mbuvi aliniuliza kwa simu nikamdanganya, na nikamficha ile sehemu asiione. Mama yangu hakujua. Fundi hakubahatisha, alifanya kazi kwa yale niliyomwambia. Naomba mnisamehe, na msimnyime kazi kwa sababu yangu."

Alituma. Aliziona alama zikibadilika, moja baada ya nyingine, kila mama akisikiliza. Nyumba za baadhi yao alikuwa akizipita kila siku akienda shule. Masikio yake yaliwaka.

Mbuvi alikuwa ameanza kazi. Aliibandua lebo, akakwangua gundi kwa uangalifu mpaka chuma kikang'aa, akamwita Najah aone.

"Tundu lako ni hili. Nani alikufundisha gundi?"

"Niliona kwenye video."

"Na huyo wa kwenye video alisemaje kuhusu gesi?"

"Sijui. Kulikuwa na sehemu ya pili. Sikuitazama."

Mbuvi alitikisa kichwa, akachanganya dawa ya kuziba kutoka kwenye tyubu mbili. "Gesi ilikuwa imeshatoka yote. Ungeziba hata kwa saruji, friza isingepoa. Ni lazima niivute hewa yote iliyoingia kwenye mabomba, kisha nijaze gesi mpya kwa kipimo. Hilo halifanyiki kwa simu, wala kwa video. Linataka mtu awe hapa na vyombo vyake."

Aliipaka dawa ile, akangoja ikauke. Kisha akaunganisha pampu, ikaanza kunguruma. Alipokuwa akiitazama mishale ya geji, kile kifaa cha kupimia gesi, aliendelea kuongea, safari hii kwa wote wawili.

"Mimi pia niko na kosa. Friji inayolia bila kupoa, ni lazima uipime gesi. Nilijua hivyo. Lakini mama yako alikuwa na harusi, na mimi niko mbali, nikataka kumsaidia pale pale. Ningemwambia ukweli: hii siwezi kuijua nikiwa Namanga, tafuta fundi wa karibu aje na geji, na maziwa yahamishie kwa jirani. Pengine yangepona." Alimtazama Najah kwa mara ya kwanza tangu alipokiri. "Lakini sikiliza. Mtu akikusaidia kutoka mbali, hana mkono wala pua pale ulipo. Haoni ila unapomwonyesha, na hajui ila unalomwambia. Wewe ndiye uliyekuwa macho yangu. Ukamficha fundi kona moja tu, na hiyo kona ndiyo iliyokuwa na ugonjwa. Kwa daktari ni hivyo hivyo, na kwa mwalimu pia. Ukitaka kusaidiwa, sema kwanza lile linalokuaibisha, kwa sababu mara nyingi ndilo hilo linalotafutwa."

"Ndiyo, fundi," alisema Najah.

Simu ikalia. Ulikuwa ujumbe wa sauti wa Nzisa, mwenye bucha, mwanamke asiyependa maneno mengi. Nafiso aliiacha wote wasikie. "Nimesikia. Mwambie Mbuvi asirudi Namanga kabla hajapita kwangu. Friji bado inamngoja. Na huyo msichana aje naye."

Jua lilikuwa linaelekea magharibi friza ilipoanza kuvuta ubaridi. Ukungu mweupe ulipanda kwenye ukuta wa ndani, kwanza upande mmoja, kisha pande zote. Mbuvi alikunywa chai yake, ikiwa imepoa kabisa, akakataa kuongezewa. Najah alimbebea begi la vyombo hadi kwenye bucha.

Nzisa alikuwa akipanga nyama. Alifuta mikono kwenye aproni, akamtazama Najah kutoka juu hadi chini.

"Ni wewe?"

"Ni mimi. Shikamoo."

"Marahaba." Nzisa alimtazama Mbuvi. "Mimi nilimfukuza huyu mtu kwa simu, bila kumuuliza hata neno moja. Kwa hivyo aibu ya leo si yako peke yako, ni yetu mimi na wewe." Akamfungulia Mbuvi mlango wa nyuma. "Fundi, ingia. Pole kwa usumbufu."

Aibu ya Najah haikuisha hapo. Iliendelea naye njiani, ikaingia naye nyumbani. Alimkuta mama akiosha zile chupa zilizokuwa tupu, akaketi kando yake, akachukua kitambaa na kuanza kuzikausha. Walifanya kazi pamoja mpaka chupa zikaisha.

"Kesho nitaenda kwa mama wa bwana harusi," alisema Nafiso. "Utakuja nami ukitoka shule."

"Nitakuja, hooyo."

"Atakusema vibaya."

"Najua."

Nafiso alikunja mikono ya gauni lake. "Sikukasirika sana kwa sababu ya kisu. Kisu ni haraka ya mtoto. Ungeniambia Jumamosi ile ile, ningekugombeza, kisha ningetafuta barafu, ningetafuta jirani mwenye friji, ningempigia mama wa bwana harusi mapema. Ningekuwa na pa kuanzia. Jambo baya nikilijua, naweza kulishughulikia. Nisilolijua ndilo lililomwaga maziwa yetu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Basi mjomba wako ameleta salamu. Maziwa yatafika keshokutwa asubuhi." Akasimama, akafungua friza, akapitisha kiganja kwenye kuta zote, hata ile kona. Kisha akasogea pembeni. "Panga chupa humu, zikae safi mpaka maziwa yafike. Panga wewe."

Najah alinyanyua chupa ya kwanza, akainama, akaiweka kwenye ile kona.